Ng'ombe wanakataa kunywa, hori la maji linatekenya: umeme unatoka wapi na unazuiwaje?

MfugajiPongwe

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mafundi umeme na watu wa mifugo.

Banda lipo Pongwe, Tanga. Ng'ombe wa maziwa wanne, sakafu ya zege, nguzo za mabomba ya chuma, paa la bati. Hori la maji ni pipa la chuma lililokatwa nusu, linajazwa kwa bomba la chuma kutoka kisimani. Pampu ni ya kuzama, kilowati 0.75, maji yenyewe ya chumvichumvi. Bandani kuna pia mashine ya kukata majani, mota ya fezi moja, na taa mbili. Umeme unatoka nyumba kubwa kwa waya wa chini kwa chini, kama mita 25.

Tangu kaskazi ianze, ng'ombe wakifika horini wananusa, wanalamba juu juu, wanarudi nyuma. Ukiwawekea ndoo ya plastiki wanakunywa mpaka chini. Wakati wa kukamua wawili wanapiga mateke na maziwa hayashuki yote. Mkamuaji akiwa peku na mikono imelowa anasema hori linamtekenya. Mwenye ndala hasikii kitu. Testa ya bisibisi ukigusa hori haiwaki. Breka hazijawahi kuruka hata mara moja.

Fundi alikuja akapiga fimbo ya pili ya ethi (ya kupeleka ardhini umeme unaovuja), akamwaga maji kuizunguka. Siku mbili tatu kukawa na nafuu, kisha hali ikarudi vilevile. Je, huu ni umeme kweli au ng'ombe wana maradhi? Na kama ni umeme, mbona breka haziruki?

---

MzeeWaSaketi

Pole sana mkuu. Hiyo ni ethi dhaifu. Udongo wa huko una mawe ya chokaa na mchanga, kaskazi unakauka kabisa. Ongeza fimbo nyingine mbili, chimbia chumvi ya mawe na mkaa kuzunguka kila moja, mwagilia jioni. Ethi ikiwa nzuri umeme wote utazama chini.

---

FundiKange

Mkuu wa Pongwe, kabla ya yote: zima breka ya banda sasa hivi, ng'ombe wanyweshwe kwa ndoo za plastiki, na mkamuaji avae buti za mpira. Hori linalotekenya leo linaweza kuua wiki ijayo, kwa sababu uvujaji wa umeme haubaki mdogo. Unakua.

Sasa hoja ya Mzee wa Saketi, kwa heshima zote. Fimbo zaidi zitapunguza dalili, hazitaondoa hatari. Nitaeleza kwa hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Chukua nyumba ambayo ethi yake ni fimbo iliyopigwa uani tu. Fimbo ya mita 1.5 kwenye udongo wenye unyevu wa kawaida hutoa ukinzani wa omu 60 hivi. Kwenye mchanga mkavu inaweza kupita omu 500. Tuseme umebahatika, una 60. Waya wa laivu (unaoleta umeme) ukigusa bodi ya mota, yaani ganda lake la nje, moja kwa moja, umeme utakaopita kwenda ardhini ni volti 230 gawanya kwa 60, yaani ampia 3.8. Breka ya ampia 20 aina C inahitaji ampia 100 hadi 200 ili iruke papo hapo. Ampia 3.8 kwake ni kama pasi iliyowashwa, itakaa imewaka mwaka mzima. Wakati huohuo bodi ya mota, bomba, hori na kila chuma kilichounganishwa na ethi vina karibu volti 230, na LUKU inakula karibu uniti 20 kwa siku bila kazi yoyote.

Haya, ongeza fimbo, weka mkaa, mwagilia, ufike omu 20. Sasa ni ampia 11.5. Breka bado imetulia. Ili breka hiyo iruke kwa nguvu ya ethi peke yake unahitaji ukinzani wa omu 1 hadi 2, na hiyo kwa fimbo za uani katika ukanda wetu wa pwani usiitegemee. Chumvi nayo inashusha ukinzani kwa muda, ila inakula fimbo na klempu, na masika moja inaisafirisha yote.  Udongo wa mfinyanzi unaoshika maji ni bora zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kukata umeme si ya fimbo, ni ya RCD. Hiki ni kifaa cha kukata umeme unaovuja: kinalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampia 30, kinakata. Kwa RCD ya miliampia 30, hata fimbo ya omu 200 inatosha, kwa sababu 0.03 mara 200 ni volti 6 tu. Ndiyo maana nasema fedha ya fimbo ya tatu na ya nne ungeipeleka kwenye RCD.

Kwa nini fimbo ya pili ilileta nafuu kisha ikaisha? Kwa sababu uvujaji ulibaki uleule, ila ardhi iliyolowa ilipunguza ukinzani, volti zikashuka. Ardhi ikakauka, volti zikapanda.

Testa ya bisibisi isikudanganye. Taa yake ya neoni inahitaji makumi ya volti ili iwake. Volti 8 hutaiona kabisa, na ng'ombe anaisikia. Upande mwingine, inaweza kuwaka kwenye chuma chenye umeme wa kuambukizwa tu (wa kuwa karibu na waya wenye umeme), usio na nguvu yoyote. Hicho si chombo cha kazi hii.

Unahitaji mita ya kidijitali, resista ya omu 470 au 500 (ya wati 5), kipande cha bati au shaba cha sentimita 10 kwa 10, na msumari mrefu au fimbo ndogo ya chuma. Pima hivi, ukiwa na buti kavu, mkono mmoja tu kazini:

Lowesha sakafu mahali ng'ombe anaposimama akinywa. Weka kipande cha bati hapo, juu yake tofali ili kigandamane na zege. Kwangua kutu kidogo kwenye ukingo wa hori. Mita iwe kwenye volti za AC. Waya mmoja kwenye hori, mwingine kwenye bati. Washa breka kwa muda wa kupima tu. Kwanza pima BILA resista. Ukiona zaidi ya volti 25 simama hapohapo, zima, ita fundi mwenye leseni ya EWURA. Usiingize resista kwenye volti kubwa, kwa volti 230 itatakiwa kubeba zaidi ya wati 100 na itakulipukia.

Ikiwa ni chini ya hapo, unganisha resista sambamba na mita, yaani ncha zake mbili kwenye ncha mbili za mita, upime tena. Resista hiyo inasimama badala ya mwili wa ng'ombe, ambao kutoka mdomoni hadi kwatoni unakadiriwa kuwa omu 500 hivi. Volti zikiporomoka hadi karibu sifuri, ni umeme wa kuambukizwa, hauna nguvu. Zikibaki karibu palepale, kuna chanzo cha kweli.

Kisha kigongee kile kimsumari ardhini, mita 15 au zaidi kutoka banda, kisima na fimbo zote za ethi. Pima hori na msumari huo. Kipimo hiki kinaonyesha ethi yako yote imepanda kiasi gani kuliko ardhi ya mbali.

Baada ya hapo rudia vipimo ukizima breka moja moja, na mwisho swichi kuu. Andika kila namba. Swichi kuu ikizimwa na volti zikabaki, chanzo kipo nje ya nyumba yako: kwa jirani au kwenye nyutro ya njia ya umeme. Hapo unatoa taarifa TANESCO. Na usithubutu kuchomoa waya wa ethi kwenye fimbo wakati umeme umewaka ili "kujaribu". Ukishika waya kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, wewe ndiye unakuwa njia.

---

AfisaMifugo_Muheza

Naongezea upande wa mnyama. Ng'ombe ana miguu minne peku kwenye zege lililolowa mkojo, mdomo wake umelowa, na kati ya miguu ya mbele na ya nyuma kuna kama mita moja na nusu. Mtu mwenye ndala hana hata moja kati ya hayo, ndiyo maana mmiliki anaapa hakuna umeme na ng'ombe anaapa upo.

Kipimo kinachotumika sana ni miliampia 2, sawa na volti 1 kwenye omu 500. Jimbo la Wisconsin huko Marekani, lenye ng'ombe wengi wa maziwa, linatumia kiwango hicho kuamua lini hatua zichukuliwe. Chini ya hapo ng'ombe wengi hawaonyeshi tofauti yoyote. Zaidi ya hapo unaanza kuona kulambalamba maji, kusita mlangoni, kuinua miguu wakati wa kukamua. Lakini angalizo: video nyingi za Wamarekani zinahusu nyutro ya njia ya umeme, kwa sababu kule nyutro inafungwa ardhini sehemu nyingi njiani. Mabanda ya kwetu mara nyingi tatizo ni nyaya za bandani kwenyewe. Usianze kugombana na TANESCO kabla ya kuzima swichi yako na kupima.

Hasara kubwa ya maziwa inatoka kwenye maji. Ng'ombe wa maziwa katika joto la Tanga anaweza kunywa lita 80 na zaidi kwa siku. Akipunguza maji, anapunguza kula, maziwa yanafuata. Umeme mdogo haumsababishii ugonjwa wa kiwele moja kwa moja, ila maziwa yasiposhuka yote na mkamuaji akawa na haraka kwa kuogopa mateke, kiwele kinabaki na maziwa na mlango wa ugonjwa unafunguka.

Na mateke peke yake si ushahidi. Kabla hujaulaumu umeme, fanya kipimo cha kiwele kwa ile dawa ya kibao chenye vyumba vinne, kagua chuchu kama zina michubuko, angalia kama maji yana harufu au mwani, na kama pumba imebadilishwa karibuni. Hapa ushahidi mzuri ni ndoo ya plastiki: maji yaleyale, ng'ombe walewale, na wanakunywa. Hilo linaelekeza kwenye chuma cha hori, si kwenye maji wala tumbo.

---

MfugajiPongwe

Ahsanteni sana. Nimefuata maelekezo, fundi mwingine mwenye leseni alikuwepo na mita yake ya kupima ethi. Majibu:

Hori na sakafu, bila resista: volti 6.8. Na resista: volti 6.1.
Hori na msumari wa mbali: volti 9.5.
Breka ya taa ikizimwa: hakuna mabadiliko.
Breka ya mashine ya majani ikizimwa: hakuna mabadiliko.
Breka ya pampu ikizimwa: hori na sakafu inashuka hadi volti 0.3.
Swichi kuu ikizimwa: 0.2.
Ukinzani wa fimbo mbili pamoja: omu 90.

Kinachonichanganya ni hiki: volti zilikuwepo hata pampu ikiwa imesimama, swichi yake ya ukutani imezimwa! RCD hakuna popote, nyumba wala bandani. Huyu fundi ameona waya wa pampu umeungwa kisimani na kufungwa kwa selotepu nyeusi ya kawaida, mita kadhaa chini ya maji.

---

FundiKange

Kazi nzuri, namba hizi zinajieleza zenyewe.

Kupungua kutoka 6.8 hadi 6.1 tu kunaonyesha chanzo ni cha kweli. Ng'ombe anapitiwa na miliampia 12 kila akigusa maji, mara sita ya kile kiwango alichotaja Afisa. Volti 9.5 kwenye omu 90 ni miliampia 105 zinazokwenda ardhini kupitia fimbo zako, mchana na usiku. RCD ya miliampia 30 ingekata siku ya kwanza. Na utaona 9.5 toa 6.8 ni 2.7: sakafu yenyewe imepanda volti 2.7, kwa sababu iko karibu na fimbo. Kwa hiyo ng'ombe wa karibu na fimbo anasikia tofauti na wa mwisho wa banda. Hilo pia ndilo linalofanya wengine wasite mlangoni.

Pampu imezimwa lakini inavuja: swichi ya ukutani imefungwa kwenye nyutro badala ya laivu. Ukizima, mota inasimama kwa sababu njia ya kurudi imekatika, lakini laivu bado iko kwenye waya mpaka chini kisimani. Ile selotepu imeingia maji ya chumvi, laivu inavuja kwenda kwenye waya wa ethi palepale kwenye kiungo, ethi inaupandisha bandani. Kuhakikisha: zima swichi ya ukutani, acha breka imewaka, fundi apime kati ya waya unaokwenda kisimani na ethi kwa mita. Akiona volti 230, ni hilo.

Matengenezo, kwa mpangilio huu:

Swichi kuu izimwe, ifungwe, na kibao kiwekwe. Pampu itolewe kwa kamba yake, isivutwe kwa waya wala kwa bomba. Kama ilikuwa inaning'inia kwa waya, hapo una sababu ya pili ya kiungo kuharibika. Weka kamba ya nailoni isiyooza, iliyofungwa kwenye matundu ya kichwa cha pampu.

Kata kiungo chote, rudi nyuma mpaka shaba iwe inang'aa. Shaba iliyogeuka nyeusi au ya kijani haishiki. Kama waya umeliwa na chumvi sehemu ndefu, badilisha wote. Kwa pampu yako waya wa pampu wa nyuzi tatu wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa kisima cha kawaida. Kila uzi uungwe kwa bomba dogo la shaba la kubana, viungo vitatu visikae usawa mmoja bali vipishane kama sentimita 5, kila kimoja kifunikwe na mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, kisha mpira mmoja mkubwa juu ya vyote, ukipita sentimita 5 kwenye ganda la waya kila upande. Ile gundi ya ndani ndiyo inayozuia maji. Mpira usio na gundi ni pambo. Selotepu ndani ya maji si kiungo kabisa.

Kabla ya kushusha, kitumbukize kiungo kwenye ndoo ya maji yaliyotiwa chumvi kidogo, kikae usiku kucha. Asubuhi fundi apime kwa mega (mita ya kupima kama ganda la waya linazuia umeme) ya volti 500, kati ya kila uzi na maji. Chini ya megaomu 1 imefeli. Kiungo kizuri kipya kinatakiwa kisome makumi ya megaomu. Apime na mota yenyewe ikiwa ndani ya maji, kwa sababu sili ya mota ikishaingiza chumvi, kiungo kizuri hakitakusaidia kitu.

Swichi ya pampu ibadilishwe iwe ya kukata pande mbili, laivu na nyutro kwa pamoja. Ukiweka kidhibiti cha maji cha kuelea kwenye tenki, hakikisha kinakata laivu.

Kisha RCD. Mpangilio ninaoushauri kwa boma lenye banda: kwenye swichi kuu ya nyumba RCD ya miliampia 100 aina ya kuchelewa, na bandani RCD mbili za miliampia 30, moja ya pampu na moja ya soketi na mashine ya majani. Ile ya kuchelewa inaipa ya bandani nafasi ya kukata kwanza, nyumba isilale gizani kwa kosa la kisimani. Kumbuka RCD haikati umeme ukizidi mzigo, kwa hiyo breka zinabaki. Nyutro ya kila RCD iwe yake peke yake baada ya kutoka ndani yake. Ikigusa ethi au nyutro ya mzunguko mwingine, itaruka bila sababu unayoiona.

La mwisho na la kudumu ni kufunga vyuma pamoja. Hori, bomba, nguzo, vizuizi vya kukamulia, vyote viungwe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 4 hadi kwenye ukanda wa ethi wa banda, kwa klempu za shaba zilizopakwa grisi. Hewa ya bahari inakula klempu za chuma haraka sana, hata Pongwe. Na sakafu iwe sehemu ya mfungo huo. Ukijenga upya, laza nyavu ya BRC ndani ya zege na uiunge kwa shaba sehemu mbili kabla ya kumwaga. Kwa sakafu iliyopo, chanja mifereji ya kina cha sentimita 4 mahali wanaposimama, kila sentimita 30, laza shaba tupu, unganisha zote, ziba kwa saruji. Hori na sakafu vikipanda pamoja, ng'ombe hana tofauti ya kusikia. Ila usifanye hivi kabla ya kuondoa uvujaji na kuweka RCD, maana utakuwa umeficha moshi na kuacha moto.

---

MfugajiPongwe

Nimeelewa. Swali dogo: nikibadilisha kipande cha bomba la chuma kabla ya hori nikaweka la plastiki, si itatosha?

---

FundiKange

Itasaidia, haitatosha. Mita moja ya bomba la plastiki la nusu inchi lililojaa maji ya chumvichumvi ina ukinzani wa makumi ya maelfu ya omu, kwa hiyo ng'ombe atapata sehemu ndogo sana ya zile volti 9.5, hatasikia. Weka, ni rahisi. Lakini bomba la upande wa kisima litabaki na umeme, na mtoto akilishika akiwa peku hana plastiki yoyote ya kumkinga.

---

Binti_Bagamoyo

Samahanini naingilia, suala linafanana. Nyumba ipo karibu na bahari Bagamoyo. Mvua ikinyesha, ukigusa kamba ya kuanikia nguo (ni waya wa chuma, umefungwa kwenye mbao ya paa) inapiga shoti. Na bafuni ile shawa ya umeme inatekenya ukigusa bomba. Wapangaji wanasema ni kawaida ya nyumba za pwani.

---

Nyutro

Dada, si kawaida na ni mambo mawili tofauti.

La kwanza ni bati. Mara nyingi msumari wa bati umetoboa waya unaopita juu ya mbao, au waya umepitishwa kwenye ukingo wa bati ukasuguliwa na upepo mpaka ganda likaisha. Kukiwa kavu mbao inazuia. Mvua ikilowesha mbao na chumvi iliyoganda juu yake, umeme unapata njia mpaka kwenye kamba. Leo mvua ikiwepo au isiwepo, zima swichi kuu, kisha ondoa hiyo kamba ya chuma, funga ya nailoni, na ifungwe kwenye miti, si kwenye paa. Mtu asipande bati wala asiguse gata au bomba la kukinga maji ya mvua mpaka swichi kuu izimwe. Fundi aingie darini, apime kila mzunguko kwa mega, atafute waya uliotobolewa. Nyaya za darini zipite ndani ya mabomba ya plastiki, kando ya mbao, mbali na usawa wa misumari.

La pili, shawa. Ile shawa ya papo kwa papo yenye waya wa kupashia ulio wazi ndani ya maji ni kilowati 3.5 hadi 5.5, inakula ampia 15 hadi 24. Mara nyingi naikuta imefungwa kwa waya wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, ethi imekatwa kwa sababu "inapiga ikifungwa". Sababu yenyewe ni kwamba ethi ilikuwa inaonyesha uvujaji. Tena kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, vile vifaa vinataka maji yasiyo na chumvi nyingi, kadiri chumvi inavyozidi ndivyo umeme unavyopita kwenye maji yenyewe kukufikia. Acheni kuitumia. Ukitaka kuendelea na shawa ya umeme: waya wa 4 kwa kilowati 3.5, wa 6 kwa 5.5, kutoka kwenye breka yake yenyewe bila kuunganishia kitu kingine, ethi kamili, RCD ya miliampia 30, na swichi ya kukata pande mbili nje ya bafu. Kwa maji ya chumvi chagua yenye kipashio kilichofunikwa.

Jambo la tatu la kuangalia kwenye nyumba za kupanga: fungua soketi moja, umeme ukiwa umezimwa. Ukikuta kijiwaya kimeunganisha tundu la ethi na la nyutro ndani ya soketi, kitoe. Mafundi wengine hufanya hivyo pale ethi haipo. Nyutro ikikatika popote kabla ya hapo, bodi ya friji na ya mashine ya kufulia inapata volti 230 kamili kupitia hicho kijiwaya, na RCD haiwezi kukata waya wa ethi.

---

MzeeWaSaketi

Nakubaliana na RCD, hesabu ya FundiKange haipingiki. Tatizo ni mteja. Unamfungia, mvua ya kwanza inaruka, usiku ananipigia simu, kesho anamwita mwingine anaiunganisha moja kwa moja. Unafanyaje?

---

FundiKange

Mkabidhi na utaratibu wa kutafuta kosa, vinginevyo ataikwepa tu.

Zima breka zote, rudisha RCD. Ikikubali, washa breka moja moja, ile inayoiangusha ndiyo yenye kosa. Chomoa vifaa vyake vyote na ujaribu tena kujua kama ni kifaa au ni waya wa ukutani. Ikikataa kurudi hata breka zote zikiwa zimezimwa, mara nyingi kosa liko kwenye nyutro, kwa sababu breka za upande mmoja hazikati nyutro. Swichi kuu ikiwa imezimwa, fungua nyutro kwenye ukanda moja moja, pima kila moja na ethi kwa mega. Inayosoma karibu na sifuri ndiyo inayogusa.

Zinazoangusha wakati wa mvua mara nyingi ni zilezile: taa za nje zisizo na gasketi, kengele ya geti, soketi ya barazani, kiungo cha chini kwa chini. Kipashio cha hita ya maji nacho hunyonya unyevu kikikaa muda bila kutumika.

Kama hakuna kosa na bado inaruka ovyo, jumlisha uvujaji wa kawaida. Kila kompyuta, inveta au mashine yenye kichujio inavuja miliampia 1 hadi 3. Ukipima kwa mita ya kubana, laivu na nyutro ndani ya taya pamoja, na ukakuta zaidi ya miliampia 9 au 10 za kudumu, gawanya nyumba kwa RCD mbili badala ya moja. Na chagua aina A kwa nyumba yenye vifaa vingi vya kielektroniki, aina AC inaweza kushindwa kuona uvujaji wao.

Kitufe cha T cha kuijaribu RCD kibonyezwe kila mwezi. Ukanda wetu chumvi inaganda kwenye mashine ya ndani, RCD isiyobonyezwa inaweza kugoma kukata siku unayoihitaji. Kwa wenye mita ya RCD: kwa miliampia 15 isikate, kwa 30 ikate ndani ya milisekunde 300, kwa 150 ndani ya 40. Ikivuka hapo ibadilishwe, haitengenezwi.